Niliona Aibu Kumtembeza Jimi kwa Kamba

Wadogo zangu, kwanza naomba mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, naandika polepole, na mbele za watu huwa naona aibu kuongea. Hiyo aibu ndiyo ninayotaka kuwaonya nayo, maana nusura imuue mtoto wa watu.

Asubuhi ile naikumbuka vizuri kuliko siku nyingine zote. Ilikuwa Jumamosi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, kijijini kwetu huku upande wa Ushirombo. Bwana mifugo alikuwa ametangaza wiki nzima kwamba kila mwenye mbwa amlete uwanja wa ofisi ya kijiji, akiwa amefungwa kamba. Mimi nilikuwa na Jimi, mbwa wa kahawia mwenye kifua kipana, wa kuchungia ng'ombe. Hakuwa amezoea kamba hata kidogo.

Si kwamba sikuambiwa. Jirani yetu Bibi Nyamizi, mjane aliyefundisha maksai wake mwenyewe kuvuta jembe, alinionya miezi miwili kabla. "We nyanda, kijana wangu, mzoeshe huyo mbwa kamba sasa hivi, wakati hamna haraka ya kwenda popote." Nilijaribu siku moja tu. Nilipopita pale mashine ya kusaga, vijana wenzangu waliokaa juu ya pikipiki wakanianza.

"Oyaa, mzungu wa mgodini huyo! Anatembeza mbwa!"

"Muulizeni kama mbwa wake anakula kwa kijiko!"

Nilimfungua Jimi palepale, kamba nikaificha ndani ya shati. Sikumfunga tena.

Basi siku ya chanjo nilimkamata kwa nguvu, nikamvisha kitanzi tunachofungia ndama. Kitanzi cha namna hiyo hukaza kila mnyama anapovuta. Ndama akibanwa husimama. Jimi hakusimama. Alivuta, kikakaza, akaogopa, akavuta zaidi. Mimi nikazungusha kamba kwenye kiganja changu mara mbili ili asinitoroke. Tulipofika uwanjani ulimi ulikuwa nje, macho mekundu, na mbwa wa kijiji kizima wanabweka. Watu wakageuka kututazama. Badala ya kwenda pembeni nimlegeze, nilimburuta mpaka kwenye foleni ili mambo yaishe haraka.

Mbele yetu alisimama Milembe, mjukuu wa Bibi Nyamizi, mtoto wa miaka saba, aliyekuja na bibi yake. Aligeuka, akamwona Jimi.

"Kaka, anakabwa!" akasema, akanyoosha mkono alegeze kitanzi.

Jimi akamng'ata.

Mtu mmoja akapiga kelele, "Ana kichaa huyo! Muueni!" Mwingine alishanyanyua mpini wa jembe. Bibi Nyamizi alikuwa amepiga magoti, anaosha mkono wa mtoto kwa sabuni na maji mengi, anaosha na kuosha, wala haachi. Bila kugeuza kichwa akasema, "Asiguswe huyo mbwa. Mkimuua sasa, tutamwangalia nani?"

Bwana mifugo akamuunga mkono. Alisema Jimi afungiwe siku kumi. Akifika siku ya kumi akiwa mzima, basi hakuwa na kichaa alipong'ata. Lakini Milembe aanze sindano leo hii, asingoje majibu ya mbwa. Akaita pikipiki, wakaenda hospitali.

Siku kumi zile, wadogo zangu, sijui nilizimalizaje. Jimi alikaa kwenye banda la mbuzi, nami kila nikiamka nachungulia kwenye ufa kuona kama anatoa udenda, kama anaogopa maji. Siku ya nne aliacha ugali wote. Mimi pia sikula. Nilikaa nje ya banda nikimsikiliza akipumua, nikimfikiria Milembe, nikajiuliza nitaishi wapi kama mtoto yule atakufa. Jioni Jimi akaamka, akanywa bakuli zima la maji. Nililia kama mtoto mdogo.

Siku ya kumi bwana mifugo alimkagua, akasema ni mzima, akamchanja. Baba akanipeleka kwa Bibi Nyamizi kuomba msamaha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Hakunipa kigoda. "Milembe aliona mbwa anakabwa. Wewe ulikuwa unaona nini?"

"Nilikuwa naona watu, bibi."

"Wale waliokucheka? Katika sindano alizochomwa mjukuu wangu, wao wamechomwa hata moja?"

Akaendelea, "Nenda kamfundishe kamba. Halafu umpitishe hapa mchana, kwa njia ile ile ya mashineni. Nataka Milembe aione kamba imelegea. Ikikaza, geuka urudi, usifike mlangoni kwangu."

Nilishona mkanda wa shingo kutokana na begi langu la shule. Nilimwacha Jimi ale akiwa ameuvaa. Kisha nikafunga kamba, nikatembea naye uani. Akivuta nasimama kama nguzo, akirudi karibu nampa dagaa mmoja. Kiganjani sikuzungusha tena kamba.

Tulipopita mashineni walipiga miluzi. "Mzungu karudi!" Jasho lilinitoka, nikaharakisha, na Jimi naye akavuta. Tukarudi nyumbani. Kesho yake vilevile. Mara ya nne niliwaacha wacheke, nikatembea mwendo wangu mpaka kwa Bibi Nyamizi.

Milembe alikuwa amesimama nyuma ya bibi yake, mlangoni. Hakumtazama Jimi usoni. Alitazama kamba, muda mrefu.

"Bibi, imelegea," akasema.

Hakutoka nje siku ile. Bibi Nyamizi akanisogezea kigoda.

Kwa hiyo, mdogo wangu, mfundishe mbwa wako kamba mapema, taratibu, na usimvishe kitanzi. Akimng'ata mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi, kisha hospitali siku hiyohiyo. Na jambo unalojua ni sahihi usiliache kwa sababu ya kicheko cha watu waliokaa juu ya pikipiki.

Maneno aliyoniambia Bibi nilipoaga, nami nawapa ninyi: Mungu awalinde njiani, mwende wazima na mrudi wazima, ninyi na wanyama wenu.

Tafadhali niandikieni. Mniambie mbwa wenu wanaitwa nani, na kama kamba zenu zimelegea. Nitajibu, ila nitachelewa kidogo.