Chensoo ya Shemeji na Wakwe wa Mwamgongo

Mke wangu amenikataza kuyasema haya mbele za watu, lakini kwa kuwa mtaa wetu wote wa Kasingirima wanayajua, na nusu ya Mwamgongo pia, nimeona nikinyamaza nitabaki mimi peke yangu nisiyeyasimulia, na aibu yenyewe ni yangu.

Ilikuwa Jumamosi ya posa ya binti yangu Zuhura. Wakwe walikuwa wanakuja kwa boti kutoka Mwamgongo, na tuliambiwa watafika baada ya adhuhuri. Sasa niwaambie ukweli, wale watu walikuwa wananipa wasiwasi. Baba wa kijana, Mzee Bilali, ana mitumbwi yake ya uvuvi na jina lake huko kwao ni kubwa, na mimi ni mtunza stoo tu wa shule. Nilitaka wakiingia kwangu waone wamefika kwa mtu.

Uani tuna mparachichi, na tawi lake moja nene lilikuwa limeinamia pale tulipofunga turubai. Mama Zuhura akasema liache, halijamdhuru mtu, au kama linakukera aitwe mkata miti wa kule sokoni. Hapo ndipo nilipokosea. Kaka yake, yaani shemeji yangu, alikuwa amerudi kutoka Dar na chensoo ya umeme yenye mpini mrefu, ile unayosimama chini na kukata tawi la juu bila kupanda, na ameiacha kwangu ndani ya boksi lake. Nikasema tawi moja tu, dakika tano, kisha naoga.

Nikavaa pensi na fulana ya zamani (ile ambayo mke wangu huitumia kufutia jiko nikiwa sipo), nikachomeka ekstensheni dirishani, nikaanza. Lile karatasi la maelezo lilikuwa na picha nyingi, nikalikalia. Kumbe kati ya zile picha ipo moja inayokuonya usikate tawi zito kuanzia chini, kwa sababu likishalegea linainama na kuubana msumeno. Mimi nilianza chini kwa sababu ndiko mkono ulikofika vizuri.

Mashine ikalia vizuri, unga wa mti ukanimwagikia kichwani, nikajisikia fundi. Halafu tawi likatoa mlio kama mtu anayevunja muwa, likainama kidogo, na mashine ikanyamaza. Nikavuta, haitoki. Nikasukuma, haitoki. Nikamwita Mama Zuhura azime swichi, akazima, akaja akatazama juu, akatazama chini ya turubai yalipokuwa masufuria mawili ya pilau, kisha akanitazama mimi. Kila nikijaribu kuachia, mpini unalivuta tawi na tawi linalia tena, kwa hiyo ikabidi nisimame vilevile, mikono yote miwili juu, wakati yeye na jirani wanahamisha pilau.

Hapo hapo wakwe wakaingia. Ziwa lilikuwa limetulia, wakafika mwaloni Kibirizi mapema, wakaona wasitukalishe tukiwasubiri. Watu wanane, kanzu nyeupe, kina mama na vitenge vya sare, na mbele yao Mzee Bilali na bakora yake. Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wetu, alikuwa bado msikitini. Mwenye nyumba ni mimi, na mwenye nyumba amesimama na pensi, ana unga wa mti kwenye kope, mikono juu kama amekamatwa na askari.

Nikasema shikamoo. Akaitikia, akanyoosha mkono, akauona wangu uliko, akaurudisha taratibu. Kina mama wakatusalimu kwa Kiha, mwakeye, na mmoja akaanza kukohoa kikohozi ambacho si cha ugonjwa.

Mzee Bilali akaufuata mpini kwa macho mpaka juu, akaelewa yote bila kuelezwa.

"Mkwe," akasema polepole, "usiachie."

Kisha akaomba panga na kamba. Akavua kanzu, akampa mwanawe aishike, akabaki na singlendi na suruali, na mzee yule wa miaka sitini na kitu akaupanda mparachichi wangu kama anayepanda ngazi za nyumbani kwake. Akalifunga tawi kwa fundo la wavuvi, akawarushia wanaume wenzake kamba waivute upande wa pili, akalikata kwa juu kwa panga. Tawi likashuka pembeni ya turubai bila kugusa hata kamba moja. Ila mimi nilikuwa bado navuta, kwa hiyo mashine ilipoachiwa nikaenda nayo kinyumenyume, nikakaa ndani ya beseni la kachumbari.

Hapo hakuna aliyekohoa tena. Walicheka wazi.

Nikaoga, nikavaa kanzu, kaka yangu akafika na kusimuliwa yote, kikao kikafanyika. Kaka yangu alikuwa ameandaa maneno makali ya kuwauliza kama kijana wao anajiweza, lakini nadhani aliwaza baba wa kijana ametoka kushuka kwenye mti wetu, akayameza. Posa ikakubaliwa. Mzee Bilali hakulitaja tawi hata mara moja, na hilo liliniuma kuliko kama angelitaja.

Jioni, wageni wameshaondoka, mabega yananiuma siwezi kuinua hata kikombe, Zuhura akaja na dawa ya kuchua. Akanichua, kisha akauliza, "Baba, ulikuwa unataka kuwaonyesha nini?"

Nikamwambia sijui. Nilijua. Nilitaka warudi kwao wakisema binti huyu ametoka kwa watu wenye uwezo. Akaniambia yeye alikuwa dirishani muda wote, na alichoogopa ni tawi kuniangukia mimi, pilau lingepikwa lingine.

Nimeapa kutoazima tena kitu cha mtu ili nionekane. Shemeji alipokuja kuchukua chensoo yake akaniambia anayo pia mashine ya kufyekea majani, nikiihitaji nisione haya kusema. Nikamshukuru sana, nikambebea boksi mpaka barabarani, na sikurudi ndani mpaka nilipoona bodaboda imepotea nalo kwenye kona.