Mwaliko wa Mwalimu wa Kipungani

Basi liliondoka Mombasa kungali giza, na kwa muda mrefu sikujua kama nimelala au niko macho. Malindi niliiona kama mtu anavyoiona picha ukutani katika nyumba ya watu, akipita tu. Baada ya Garsen dereva alizima injini tungoje magari mengine, ili tufuatane na gari la polisi, na abiria wakashuka kunyoosha miguu. Uwanda wa Tana ulikuwa umejaa maji ambayo mto uliyaacha ukaenda zake, na mbingu ilikuwa imelala ndani yake. Nilisimama pale nikaikumbuka Voi, reli ya Taveta iliyopita nyuma ya nyumba yetu, na mama akianika mahindi juu ya gunia. Hiyo ndiyo tabia yangu. Nikifika mahali papya nakumbuka pa zamani, na nikirudi pa zamani sipaoni tena.

Nilikuwa nimeshavuka miaka arobaini, mkononi nina cheti cha kidato cha nne, na nyuma yangu kuna miji mingi: karani wa ghala Mombasa, mtunza kisima Garissa, muuza vitabu vya shule Kisumu. Safari hii niliajiriwa na mradi wa elimu ya afya shuleni. Walitaka mtu wa kuzunguka akizungumza na wakazi, ili shule ipate majirani wa kuishika mkono. "Wewe unajua kukaa na watu," aliniambia mama aliyeniajiri. Sikumwambia kwamba najua zaidi kuwaacha.

Kutoka Mokowe nilivuka kwa boti hadi mji wa Lamu, ambao wenyewe huuita Amu, nikalala huko, na kesho yake boti nyingine ikanizungusha kisiwa hadi Kipungani. Tulipita katikati ya mikoko, maji ya kijani yakiwa yametulia kama yaliyomo kwenye bilauri. Penye kina kifupi nahodha alizima mashine akasukuma kwa pondo, na kimya kilichofuata sijakisahau. Nilishuka viatu mkononi, suruali imelowa hadi magotini.

Kipungani ni kijiji kidogo, mchanga mtupu na minazi, na wakati wa mchana karibu kila mlango una mwanamke anayesuka ukili, ule mkanda mrefu wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka. Ukisimama kimya unasikia vidole vyao: sauti kavu, nyepesi, kama mvua inayofikiria kunyesha. Nilipata chumba kwa mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye kulalamikia miguu yake, na nikaenda shuleni kujitambulisha.

Mwalimu niliyepewa kushirikiana naye alikuwa mwanamke wa Faza, hajaolewa, asiye na jamaa hapo kijijini. Alifundisha sayansi. Alinionyesha dawati moja mbele ya darasa, limefutwa vumbi, halina mtu. "Huyu alikuwa wa kwanza darasani," akaniambia. "Alianza kukosa siku chache kila mwezi. Kisha wiki. Sasa haji kabisa. Nikimuuliza mamake anasema anaumwa kichwa." Wasichana wengine wawili walikuwa wameanza njia hiyo hiyo. Alichotaka ni somo la wasichana wakubwa, choo chenye maji na mlango unaofungika, na mtu wa kuwaeleza miili yao bila kuwatia haya.

Mradi ulikuwa tayari kuleta vyote hivyo, lakini kwa sharti moja: akina mama wenyewe wakae, wasikilize, wakubali. Mkubwa wa mradi angekuja kutoka Mombasa kujionea. Akikuta hawajakaa, vifaa vingepelekwa shule ya kisiwa kingine.

Mengine yalikuwa rahisi. Muuguzi mmoja wa Amu alikubali kuja kufundisha akipata boti. Nahodha wetu alikubali kumleta akipata petroli, na mwenye nyumba ya wageni Shela akaitoa petroli, tena akaongeza katoni za sabuni. Fundi wa kijiji akasema jabia la shule, lile tangi la kukinga maji ya mvua, ataliziba nyufa mwenyewe. Tulitangaza mkutano msikitini baada ya swala, wanaume wakaja, wakakubali kila kitu, kila mmoja na inshallah yake. Nilirudi chumbani nikajilaza, nikisikiliza vidole vya ukili, nikadhani kazi imekwisha.

Akina mama hawakuja. Tulitangaza kwa kipaza sauti, hawakuja. Tukatangaza tena. Mwalimu alikaa peke yake darasani, viti vimepangwa, mpaka kuku wakaingia. Nilipita milangoni nikiwasalimia, wakanijibu kwa upole, "Inshallah, tutakuya," na vidole havikusimama.

Mwishowe nilimuuliza mama mwenye nyumba yangu.

"Bi, mbona hamkuja?"

"Kuya wapi?"

"Shuleni. Tumetangaza msikitini, tumetangaza kwa kipaza sauti."

"Hutangazwa samaki," akasema, macho kwenye ukili wake. "Hutangazwa na maiti. Mimi samaki ninao, na alhamdulillahi hakuna aliyekufa. Ni nani aliyetualika?"

Mkwewe alicheka huko ndani.

Ndipo nilipoelezwa. Huko mwanamke haitwi kwa sauti iliyotupwa hewani. Hutumwa mwalishi, mwanamke mwenzake, akapita nyumba kwa nyumba, akabisha, akaketi, akamtaja aliyemtuma na siku yenyewe. Anayekwenda pasipo kualikwa hivyo ataonekana amefuata chakula cha watu. Na mwalishi wa Kipungani, kwa arusi zote na maulidi yote, alikuwa yeye huyo niliyekuwa nikilala nyumbani kwake.

"Sasa mbona hukuniambia, Bi?"

"Mwapita hapa kutwa na makaratasi yenu, wewe na mwalimu. Nikasema, wasomi hawa, wana ndia yao."

Nilimleta mwalimu. Alikuja na leso mpya, maana mwalishi hatumwi mikono mitupu.

"Si arusi, Bi," mwalimu akamwambia. "Ni mradi."

"Na huyo Mradi ni mtoto wa nani? Siwezi kuingia nyumba za watu nikasema, mwaalikwa na Mradi. Mwaliko una mwenyewe."

"Basi sema nimewaalika mimi."

Mama alimtazama mwalimu, akanitazama mimi, akarudi kumtazama mwalimu.

"Wewe?"

"Mimi."

"Haya, mamangu." Akaikunja leso.

Baadaye aliapa kwamba aliwaambia wazi, nyumba hata nyumba: mkutano wa skuli, mambo ya afya ya watoto. Namwamini. Ni kwamba hawakumwamini wao. Tangu kijiji kiwe kijiji mwalishi hakuwahi kutumwa kualika mkutano. Wakakaa wakapima wenyewe. Mwalimu hana mume, hana mama wala shangazi hapa wa kumsimamia. Mgeni hana mke, na kila siku humbebea mkoba akitoka shuleni. Ikawa dhahiri kwamba binti wa watu anaona haya kulitaja jambo lenyewe, na kwamba asiye na jamaa ndiye wa kufanyiwa zaidi. Wengine walijua hata msikiti wa Amu tulikofungia nikahi, kimya kimya.

Siku hiyo, baada ya alasiri, nilikaa kwenye kibao nje ya darasa. Kwanza ilikuja harufu: udi, kisha asumini. Halafu nikawaona wakitoka kati ya minazi, mabuibui yameachwa wazi juu ya nguo za kijani na za dhahabu, mikono imetiwa hina. Vichwani walibeba mikeka iliyokunjwa, ndoo mpya, mabeseni, sabuni, leso zilizofungwa pamoja, mchele, sufuria mbili kubwa. Mchanga ulimeza nyayo zao, wakawa kama wanaoelea. Nilidhani bado niko ndani ya basi, nimelala, na haya yote ninayaota dirishani. Kisha mmoja akapiga vigelegele, na wote wakaitikia.

"Bwana arusi gani huyu," akasema aliyenifikia kwanza, "akaa nde ya mlango kama bawabu?"

"Yuwangoja aitwe!" mwingine akadakia. "Ameshaanza kutii!"

Masikio yangu yaliwaka moto. Mwalimu alitokea mlangoni, chaki mkononi, akaona ndoo, akaona hina, akaelewa. Ningekuwa mimi ningekimbilia mikokoni. Yeye alisimama pale mpaka kicheko kikaisha.

"Mamangu," akasema, "hakuna arusi."

Ndoo zikaanza kushushwa vichwani.

"Hata ndogo?" ikauliza sauti ya nyuma.

Akacheka, wakacheka wote, na cheko hilo likawaingiza ndani. Mlango ukafungwa. Nilibaki kibaoni. Nilimsikia akiwaambia watandike mikeka yao wenyewe, kisha akataja lile dawati, na sauti yake ikashuka mpaka sikuyapata maneno. Baadaye zikapanda sauti nyingine, moja moja, nzito. Mmoja alilia. Nilijua tu kwamba ni mama wa yule msichana kwa jinsi wengine walivyomnyamazia. Kivuli cha mnazi kilinipita miguuni kikapanda ukutani.

Hatimaye nilimsikia mwalishi, ambaye hajui kunong'ona.

"Zitu zimetoka nyumbani kwa ajili ya mwanamke, hazirudi nyumbani. Ndoo na sabuni ni za wasichana. Leso zikatwe, zitawafaa. Mikeka ibaki hapa hapa. Na mchele upikwe yeo, hatukuvaa hivi bure."

Walikubali. Yule msichana angerudi. Kila somo mama wawili wangekaa ndani kwa zamu, mwalimu na muuguzi ndio wangesema, na mwanamume asikaribie.

"Na huyu wa nde?" mmoja akauliza.

Mwalimu akajibu, "Yeye kazi yake ni kutuunganisha."

"Tumeungana," akasema mwalishi. "Sasa akae afanye nini? Watu watasema arusi imevunjika. Wengine watasema haikuvunjika. Baba zao wakisikia maneno hayo, hakuna binti atakayeletwa kwa mwalimu huyu."

Hakulisema kwa ubaya. Jioni walinitolea sinia la pilau, limejazwa kama la watu wanne, nikalila peke yangu pale kibaoni.

Mkubwa wa mradi alikuja, akawakuta mikekani, na vifaa vikabaki Kipungani. Mlango wa choo uliwekwa, fundi akamaliza jabia. Hapo ndipo mwalimu aliponikuta nikilitazama.

"Nataka kukuomba kitu," akasema.

"Najua."

"Uende siku ya somo la kwanza. Wote watakuwa ndani. Hakuna atakayekaa mlangoni kutazama nani amekusindikiza."

"Utanisindikiza?"

"Nitakuwa nafundisha," akasema, akatabasamu, lakini akilitazama jabia.

Siku hiyo nilifunga mkoba wangu asubuhi na kungoja. Boti iliyomleta muuguzi ndiyo iliyonichukua. Alishuka yeye akiinua buibui lisilowe, ukapanda mkoba wangu kwanza halafu mimi. Kabla ya hapo nilikuwa nimevuka kijiji chote bila kumsalimia mtu, maana hapakuwa na mtu. Milangoni ukili ulikuwa umelazwa, ncha zake wazi, umeachwa katikati ya kazi. Sikupita shuleni. Nilifuata njia ya ufukweni, na kutoka huko nikawasikia wanawake wakicheka, wengi kwa pamoja, kisha wakanyamaza, na sauti ya mwalimu ikaanza.

Nilikaa botini nikisikiliza. Maneno hayakufika, sauti tu.

"Wangoja mtu, bwana?" nahodha akauliza.

"Hapana."

Akachukua pondo akatusukuma kutoka mchangani.