Nilivyochemsha filta ya jikoni kwa magadi siku mama mkwe anakuja

Wakuu, salamu kwenu nyote. Leo nimewaletea aibu yangu mwenyewe, na naapa sijaongeza chumvi. Nilichoongeza ni magadi, mtaona.

Mimi ni mtu wa kando ya ziwa, naishi hapa Kisii town, nafundisha Kemia sekondari. Hiyo ya Kemia muishike vizuri maana ndiyo inaniuma zaidi.

Mke wangu Kemunto ni wa Manga, kule Nyamira. Tumepata mtoto wetu wa kwanza juzi juzi tu, msichana.

Nyumba tunayokodi ina range hood, yaani lile bati linalokaa juu ya jiko la gesi na kuvuta moshi. Tangu tuhamie nimejivunia hicho kitu mbele ya kila mgeni. Nabonyeza swichi, inanguruma, nasema "modern kitchen" kama vile niliiunda mimi.

Kwamba chini yake kuna filta inayotolewa na kuoshwa, sikujua. Nilidhani ule wavu ni urembo.

Na kwetu samaki ni wa kukaanga. Jazeni wenyewe hapo.

Basi mafuta yakaanza kudondoka. Tone moja likaingia kwenye uji wa Kemunto, ule uji wa mzazi. Yeye akaona ni kichekesho, akamsimulia mamake kwenye simu.

Mama mkwe hakucheka. Alisema Jumamosi anakuja kuona kwa macho yake hiyo nyumba inayotoa jasho la mafuta, na akikuta ni kweli, anarudi Manga na binti yake na mjukuu mpaka mtoto atembee.

Wakuu, mpaka atembee!

Huyo mtoto mimi namchukua nikitoka shuleni kabla hata sijaweka begi chini. Nilikosa raha kabisa. Usiku nilikuwa nalala nikiwaza nyumba hiyo nikiwa peke yangu na lile bati.

Jumamosi asubuhi nikamwambia Kemunto apumzike na mtoto sebuleni, jikoni aniachie.

"Una uhakika unajua unachofanya?" akaniuliza.

"Mimi ni mtu wa Kemia," nikamjibu.

Nikavaa kaptula iliyopasuka nyuma, nikajifunga leso yake kifuani, na kichwani kofia yake ya plastiki ya kuogea, ya pinki, ili mafuta yasiingie nyweleni. Nikapanda stuli, nikavuta filta. Ilitoka imeganda mafuta mazito ya rangi ya asali, na ndani yake nzi mmoja ambaye sijui alihamia lini.

Mtu wa kawaida hapo angechukua maji moto na sabuni ya vyombo, amalize, anywe chai.

Mimi nikaanza kufikiria. Kwetu mboga ya mrenda hutiwa magadi ikalainika. Na magadi ni alkali, na alkali ikikutana na mafuta inazaa sabuni. Nikajipongeza pale pale juu ya stuli.

Nikachukua sufuria kubwa kuliko zote, ile Kemunto aliyoisugua ikang'aa kwa ajili ya kuku wa mamake. Nikajaza maji, nikamwaga pakiti nzima ya magadi, nikatumbukiza filta, nikawasha gesi.

Mafuta yalitoka, sitasema uongo. Ila povu nalo likapanda kwa hasira, na filta ikaanza kugeuka nyeusi. Nikachungulia sufuria. Nayo nyeusi.

Aluminiamu, wakuu. Alkali hula aluminiamu. Muhula huu huu nimeitungia Form Three swali la mtihani, na waliokosa niliwaambia wanapoteza pesa za wazazi.

Nikapaniki. Nikaitoa filta kwa mwiko, nikaanza kuisugua na waya ya kusugulia sufuria. Wavu ukararuka. Nyuma yangu povu likafurika, likazima moto. Nikafunga gesi haraka. Jikoni kote kulinuka samaki wote tuliowahi kula.

Ndipo nikasikia boda boda ikisimama nje, na sauti mlangoni: "Bwakire!"

Hiyo ni salamu ya Kikisii, na sauti ilikuwa ya mama mkwe, ambaye tulikuwa tunamtarajia saa ya chakula cha mchana.

Kwa wasiojua, huku kuna kitu wanaita chinsoni, ile heshima kali ya ukwe. Mama mkwe na mume wa binti yake hata mkono hawapeani, sembuse kumkuta amevaa ovyo. Na kwetu ziwani ni vile vile. Hapo sikuwa na kabila la kukimbilia.

Halafu jikoni kwetu mlango ni mmoja tu, na unatokea sebuleni. Nikaufunga, nikasimama nyuma yake nikiwa nimeshikilia filta.

"Mwalimu yuko wapi?" nikasikia mama akiuliza.

"Yuko jikoni, mama."

"Jikoni? Na wewe umekaa hapa?"

"Amesema nipumzike."

Nikamsikia mama akivuta hewa puani.

"Na hicho kinachonuka ni nini?"

Kemunto akakohoa. Kile kikohozi nakijua, ni cha mtu anayezuia kicheko.

Wakati huo filta ikaniteleza. Ilianguka sakafuni kwa kishindo, mtoto akashtuka, akaanza kulia.

Hapo chinsoni ikanitoka kichwani. Nikajikuta nambembeleza binti yangu kwa sauti, kupitia mlango, "Nyamaza mama, nyamaza, baba yuko hapa, ni kelele tu." Mtoto akanyamaza.

Halafu mama mkwe akaongea, taratibu.

"Kemunto, mwambie mwalimu nimegeukia ukuta. Apite akavae."

Nikafungua mlango, nikapita kwa ncha za vidole, huku slipa zikilia kwa mafuta. Niliona mgongo wake tu. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Chumbani nikavaa suti ya harusi. Msiniulize kwa nini suti. Nilikuwa nafunga tai nikasikia Kemunto akiuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hivyo nipange nguo?"

"Nguo za nini?" mamake akasema. "Nilikuja kuchukua watoto wangu wawili. Huyo wa tatu nikimwacha peke yake, si atachoma nyumba?"

Nilikaa kitandani na suti yangu nikapangusa macho. Sijawahi kuitwa mtoto nikashukuru vile.

Funzo: filta nyingi ni za aluminiamu. Maji moto, sabuni ya vyombo, brashi laini, suuza, kausha kabla ya kurudisha. Magadi yaacheni kwa mrenda. Sasa tuna filta mpya, na kuiosha ni kazi yangu rasmi.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye njia bora ya kutoa mafuta aiweke hapa. Na kama kuna aliyewahi kukutwa na mkwe akiwa kwenye hali kama yangu, tafadhali ajitokeze, nisikae peke yangu kwenye huu uzi.