Ua la Karanga Lililofuata Dhahabu

Watoto wote wa kwetu tuliamini kwamba ua la njano likijiinamisha na kuingiza kikonyo chake ardhini, linafuata dhahabu. Mimi niliamini kuliko wote. Kichwani nilishamnunulia mayu, yaani mama, ng'ombe elfu moja. Leo nimepita Segese, dada mmoja anakaanga karanga barazani, na harufu yake ingeamsha hata mgodi uliofungwa. Nikajikuta shambani kwetu, mtoto tena.

Nilikuwa nimeinua jembe juu ya tuta la karanga, chakula chetu cha kiangazi, mayu akanidaka mkono.

"Unachimba nini, tajiri?"

"Dhahabu, mayu! Ona, ua limeshaingia!"

Hakucheka. Alichuma ua la karanga, la kunde na la marejea, mimea ya kurutubisha udongo iliyoota mpakani, akayapanga kiganjani. Rangi hazikulingana, lakini kila moja lilikuwa na petali pana nyuma, mabawa mawili, na mdomo uliofumbwa katikati.

"Hawa ni ndugu," akasema. "Wote huzaa maganda. Kunde huyaning'iniza juu, karanga huyaficha chini. Huko ardhini inakwenda kuzaa, baba. Iache izae, tule."