Chumba cha Kidijitali cha Doyen

Chumba kile kilifunguliwa kwa utepe, hotuba ndefu na Fanta. Chuo kimoja cha Ulaya kilikuwa kimetuletea skrini pana kama mlango wa gereji, kamera na vipaza sauti, ili wanafunzi wetu hapa Ibanda, mjini Bukavu, wasome pamoja na wenzao wa kule. Kesho yake doyen, mkuu wa kitivo chetu, akakifunga. "Watoto wataharibu," alisema. Mimi, assistant wake, nikaendelea kufundisha kwa chaki chumba cha pembeni.

Hatimaye likaja somo la pamoja, kuhusu maporomoko ya ardhi. Kazi iligawanywa kwa namna ambayo wakubwa waliiita ushirikiano: wetu washuke kwenye miteremko, wapige picha, wahoji wenye nyumba zilizopasuka; wa kule waandike ripoti. Wetu walirudi na matope mpaka magotini.

Siku ya kuwasilisha, doyen alivaa suti mpya, akakifungua chumba, akatupanga mbele ya kamera kama watoto wa komunyo ya kwanza. "Mukae muzuri. Mucheke kidogo, wanatuona."

Profesa wa kule akaonyesha picha zetu moja moja, mpaka ile ya maman mmoja aliyesimama mbele ya ukuta wenye ufa. Chini yake akasoma: wakazi hawajui hatari inayowakabili.

Mwanafunzi wetu, binti aliyepiga picha ile, akainuka, akavuta kipaza sauti, akasema kwa Kifaransa cha utulivu: "Profesa, huyu maman alituambia anajua. Kila mvua anaomba mfereji uzibuliwe. Tuliwatumia maneno yake. Nani aliyaondoa?"

Kwenye skrini watu walitazamana. Na hapo doyen wetu, daktari wa sayansi, akainama chini ya meza, tumbo likimzuia, akachomoa waya.

"Réseau imekatika," akatangaza, waya ungali mkononi mwake. Wote tuliuona. Wenzangu walimu wakatikisa vichwa kwa masikitiko, eti mtandao wa Bukavu!

Baadaye aliniita ofisini. "Umufundishe adabu mutoto yule. Ametutia haya."

"Doyen, mimi ndiye nilimufundisha kuuliza."

Akanifukuza kwa mkono, kama mtu anayefukuza nzi.

Kumbe mwanafunzi wa kule aliyeandika ripoti alikuwa amekwisha kumtafuta binti yetu kwa simu, kumwomba msamaha. Waliiandika upya wakitumiana ujumbe wa sauti, huyu ameketi kwenye ngazi za kitivo, yule akiwa ndani ya treni. Maneno ya maman yakawekwa ukurasa wa kwanza.

Doyen akaichukua ripoti hiyo mpya, akampelekea rekta, mkuu wa chuo, akaiita tunda la chumba chake cha kidijitali. Rekta alimpongeza mbele ya watu.

Nilimpa binti habari hiyo pale Nyawera, tukipatana bei na dereva wa moto, pikipiki ya kurudi nyumbani. Nilidhani atakasirika. Alicheka mpaka dereva akageuka kututazama, kisha akaniuliza kama nimesikia lolote kuhusu mfereji. Nilikuwa sijasikia.