Imetumwa, Lakini Nani Amejibu?

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa karani wa zahanati ndogo pale Tandale, jirani na soko. Nilikuwa nimetoka chuo cha kompyuta juzi tu. Mtandao ndio kwanza tumefungiwa, na mie peke yangu ndiye niliyeujua. Kichwa kilikuwa kimenivimba kweli, usinicheke.

Akaletwa Zaituni, muuza nyanya, mjamzito. Mtoto amekaa vibaya na uchungu umeshaanza. Muuguzi wetu Mama Komba, mtu mzima aliyezalisha nusu ya mtaa, akaniambia, "Binti, waandikie hospitali walete gari la wagonjwa. Ukishatuma, piga na simu."

Nikaandika, nikatuma. Kompyuta ikaniambia: imetumwa. Taa ya kiboksi cha mtandao inawaka kijani. Simu sikupiga. Ya nini tena?

Nusu saa ikapita. Zaituni analia, gari hakuna. Mama Komba akatoka na glavu mikononi.

"Umepiga?"

"Mama, mtandao upo. Imeandika imetumwa."

"Nakuuliza, nani amejibu?"

Akapiga mwenyewe, hospitali hawakuwa na habari yoyote, na gari lao lilikuwa limeshatoka kwenda kwingine. Kumbe ujumbe ulikwama humo humo kwenye kompyuta yetu. Ile taa ilionyesha tu kwamba waya wa mle ndani ni mzima. Laini ya nje ilikuwa imekatika tangu alfajiri.

Tulimpakia kwenye bajaji, mie nimemshika mabega. Hospitali waliwahi kumpasua. Mtoto, wa kike, alichelewa kulia mpaka nikafumba macho pale nje ya mlango. Halafu akalia.

Mama Komba hakunigombeza. Alinawa mikono taratibu, akasema, "Mashine ilikwambia imetoa. Haikukwambia kuna mtu amepokea."

Mwanangu, sikukatazi kuutumia mtandao. Hata mie wajukuu wa Songea nawaona kwa simu. Ila jambo likigusa uhai wa mtu, usitosheke na alama kwenye kioo. Subiri mtu akwambie mwenyewe kwamba amepata. Na njia ya pili iandae mapema, hata kama ya kwanza inaonekana nzima. Zaidi ya hapo, aliyekutangulia kazini akikwambia piga simu, piga.

Mungu akulinde, na kila utakayemwita siku ya shida akuitikie.