Mvuta Winchi Aliyeogopa Ugali

Siku ya kwanza kumwona Kalisti, alikuwa anakula.

Nilikuwa nimetoka Maganzo, ambako almasi zilinikataa kwa miaka mingi, nikafika kwenye machimbo ya dhahabu mbele ya Geita mjini nikiwa na begi moja na sururu. Nikakaa kwenye benchi la kibanda cha Mama Abel, mama aliyewapikia wachimbaji, nikangoja mtu aniulize shida yangu. Kwangu kuanza mazungumzo ni kama kupanda mlima. Mbele yangu alikaa mwanamume mpana wa mabega na bakuli la michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa na kuanikwa juani, imechemshwa na kuungwa karanga. Alikula taratibu, akitikisa kichwa mara kwa mara kama mtu anayekubaliana na rafiki yake.

"Mama Abel," alisema bila kunigeukia, "huyu mgeni wako ana haya kuliko bibi harusi. Mpe bakuli kabla hajazimia."

"Wewe ndiye mjomba wake?"

"Leo, ndiyo."

Nikala. Kabla bakuli halijaisha alikuwa ameshajua ninakotoka, na jioni ile ile aliniombea kazi kwa Abdulshakur, mwenye duara. Shimo la dhahabu sisi tunaliita duara.

Kalisti alikuwa mvuta winchi. Winchi yetu ilikuwa gogo nene lililolazwa juu ya mdomo wa shimo, lenye mpini wa chuma kila upande. Watu wawili, mmoja huku na mmoja kule, ndio waliotushusha na kutupandisha, sisi na mawe yetu. Mtu akiwa chini hana ngazi wala njia nyingine. Ana mikono ya hao wawili tu. Upande wa pili wa Kalisti alisimama Maduhu, Msukuma wa Bariadi, mtu wa utani asubuhi mpaka jioni.

Kwa sababu hiyo duara letu lilikuwa na sheria moja: asiyekula na wenzake hashiki winchi. Kila asubuhi tulizunguka sinia moja, wavutaji na wachimbaji, ndipo watu washuke. Mwezi wa Ramadhani waliofunga walipewa kazi ya kuchambua mawe, na Abdulshakur mwenyewe hakuusogelea mpini. Haikuwa adhabu. Ilikuwa namna yetu ya kuwaambia walio chini kwamba aliye juu ana nguvu.

Halafu kaka yake Kalisti akafariki. Aliitwa George, fundi cherehani wa Shinyanga mjini, na kilichomuua ni kisukari. Kalisti alikaa naye wodini siku zake za mwisho, akamuuguza mguu uliokuwa unaoza. Aliporudi kwetu alikuwa amenyamaza. Siku moja tukiwa wawili aliniambia kwamba msibani shangazi yao mmoja alisimama mbele ya watu akasema George ameuawa na mdomo wake, na kwamba ukoo mzima utamfuata njia hiyo hiyo. George aliacha mjane na watoto wanne, na tangu hapo Kalisti ndiye aliyekuwa akiwalisha.

Ndipo zikaanza zile orodha za simuni. Kwenye grupu la ukoo watu walikuwa wakitumiana orodha kila siku. Vyakula saba vinavyokuua polepole. Usivile hivi ukishavuka miaka arobaini. Nyingi zilikuwa na picha ya daktari mwenye koti jeupe, asiyetajwa jina wala hospitali. Kalisti alizisoma moja moja, midomo ikicheza, kama mtu anayesoma sala.

Alianza kwa kuacha sukari kwenye chai, na hakuna aliyemlaumu. Akafuatisha ugali wa sembe. Halafu wali, halafu mihogo. Karanga akaambiwa zina ukungu wa sumu, dagaa wana chumvi, maharage yanajaza tumbo gesi, nyama inaleta kansa.

"Juzi simu yako ilisema mayai ni sumu," Maduhu alimwambia siku moja tukiwa kwenye sinia. "Leo inasema ule mayai mawili kila asubuhi. Huyo shahidi mahakamani angefungwa yeye."

"Hawakuandika watu wale wale," Kalisti alijibu.

"Basi wakakae kikao wakubaliane, ndipo na sisi tuache kula. Maji je? Maji umebakiziwa?"

Kalisti alifikiri. "Maji wanasema usinywe ukiwa umesimama."

Tulicheka mpaka mtu mmoja akapaliwa. Naye alicheka kidogo. Mama Abel peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika mwiko, akamwangalia Kalisti muda mrefu.

"Nimekupikia tangu Abel anatambaa," alisema. "Leo mtu asiyekujua hata jina anakwambia nakulisha sumu."

"Si wewe, Mama Abel."

"Karanga nazitwanga mimi. Dagaa nawaosha mimi. Sasa kama si mimi ni nani?"

Kalisti aliirudisha simu mfukoni.

Sisemi kila kilichoandikwa mle kilikuwa uongo. Sukari nyingi ni mbaya, hilo hata bibi yangu aliyefia Kishapu bila kumiliki simu alilijua. Lakini orodha zile sikuziona hata mara moja zikiuliza mlaji ni nani na anafanya kazi gani. Mtu anayeshinda kwenye kiti cha ofisi na mtu anayepandisha mawe tangu jua linachomoza, wote waliambiwa waache ugali. Tena waliambiwa nini waache, hawakuambiwa washike nini. Mtu mwenye hofu akipewa maneno kama hayo, ataacha mpaka kiishe cha kuacha.

Na sheria ya sinia ilikuwa pale pale. Kalisti aliihitaji kazi yake, kwa hiyo alifanya jambo ambalo sidhani mtu wa kazi nyingine angelifanya. Alikuja kukaa na sisi kila asubuhi, akanawa, akamega tonge, akalifinyanga weee, akalichovya kwenye mchuzi. Kilichoingia mdomoni kilikuwa kama punje ya mahindi. Kingine kilibaki kiganjani, na alipoinuka kilikwenda kwa mbwa wa Mama Abel. Mbwa yule alinenepa. Kalisti mashavu yakaingia ndani, mkanda wake akautoboa tundu jipya kwa msumari.

Siku mambo yalipoharibika nilikuwa kwenye kamba mimi. Walikuwa wananipandisha, nimekaa kwenye kitanzi, naona mwanga wa juu unakua. Winchi ikasimama. Halafu nikashuka kwa kishindo, kama pale mtu anapokosa ngazi gizani, bega likapiga ukuta, mchanga ukanijaa machoni. Kamba ikashika tena. Huko juu nilimsikia Maduhu akipiga kelele, "Kalisti! Mpini! Shika mpini!" Mikono ya Kalisti ilikuwa imeachia. Maduhu aliishika winchi peke yake mpaka wengine walipokimbilia.

Nilipotoka nilimkuta Kalisti amekaa chini, jasho jembamba usoni, mikono inatetemeka juu ya magoti.

Abdulshakur alikuja. Hakupandisha sauti.

"Kalisti, umekula nini leo?"

"Nimekula na wenzangu, bosi. Wameniona."

"Tumemwona mbwa," alisema Maduhu. Haukuwa utani, sauti yake ilikuwa inakatika. "Mwenzetu nusura afe, kaka. Tumemwona mbwa."

Abdulshakur alisema kuanzia kesho mpini atashika mtu mwingine, na kwamba Kalisti atarudi siku atakapokula chakula cha watu, au atafute kazi kwingine. Kalisti akafunika uso.

"Nikila nitakufa kama George," alisema. "Nisipokula, watoto wa George watakula nini? Niambieni basi nifanyeje."

Bega lilikuwa linaniuma, na sijui maneno yalinitokaje.

"Twende tukapimwe," nilisema.

"Mimi?"

"Sote wawili."

Kesho yake tulipanda bodaboda mpaka zahanati. Nesi alimtoboa kidole, akaangalia kipimo, akamwambia sukari yake haina tatizo. Kalisti akamwomba arudie. Akarudia, ikawa vile vile. Damu ndiyo iliyokuwa pungufu, na uzito umeshuka.

"Unakula nini?" nesi aliuliza.

Kalisti akaanza kutaja: ugali hali, wali hali, karanga hali, dagaa hali.

"Hivyo ni usivyokula. Mimi nauliza unavyokula."

Alikunja kidole cha kwanza ahesabu. Akasema, "Matango."

Nesi hakumcheka, na mpaka leo namshukuru. Alimuuliza ni nani aliyeugua nyumbani kwao, akamsikiliza habari za George mpaka mwisho, hata mguu, ingawa nje foleni ilikuwa ndefu. Halafu akamwambia kwamba kwa kuwa kaka yake alikuwa na ugonjwa ule, ni vizuri aje kupimwa kila baada ya miezi kadhaa, na sukari ya kwenye chai aendelee kuiacha. Chakula cha nyumbani ale, maana kazi yake inakitaka.

Zamu yangu ilipofika nilikutwa na presha.

Tulipotoka nje Kalisti alishika ukuta akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu msiba.

"Kumbe mgonjwa ni wewe! Si nilikuwa nakuona unamwagia chumvi mpaka kwenye embe, kama mbuzi wa Maganzo!"

"Simu yako haikunitaja," nilimjibu.

"Haikujui. Hata mimi hainijui." Kisha akaacha kucheka. "Lakini usiku najiona bado nashika ule mguu. Hilo nesi hakulipima."

Tukapanda bodaboda.

Siku ile Mama Abel aliweka ugali mezani. Kalisti alimega tonge la ukubwa wa kawaida, akalishika muda, akalila. Machozi yalimtoka. Maduhu alimsogezea bakuli la dagaa akasema, "Kula taratibu, mbwa anakutazama kwa uchungu." Akala la pili. Hakupona hofu siku hiyo moja. Zipo siku aliacha sahani katikati akatoka nje, na zipo orodha alizoendelea kuzisoma. Lakini alikula, nasi tulimwona akimeza. Abdulshakur alimweka kwenye kuchambua mawe kwanza, mpaka mashavu yalipojaa na mikono ikaacha kutetemeka, ndipo akamrudishia mpini.

Hakuushika muda mrefu. Mjane wa George alipata ugonjwa, na mjomba wake Kalisti akatoka Shinyanga kuja kumchukua akasimamie watoto na cherehani cha George. Alifika mchana, nikiwa chini. Nilipopandishwa jioni nilimkuta mtu mwingine kwenye winchi, na Kalisti ameshaondoka kuwahi basi. Namba yake ile haipatikani tena. Nimesikia kwa watu kwamba yuko mzima, ameajiri fundi, na yeye anauza vitambaa sokoni.

Asubuhi ya siku ile aliyoondoka, hata yeye hakujua kwamba mjomba yuko njiani. Tulikuwa tumemaliza sinia. Nikakaa kwenye kitanzi, nikaishika kamba, na labda niliangalia mikono yake muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu bega lilikuwa halijasahau. Aliona. Akaushika mpini barabara, akaniinamia kidogo ili Maduhu asisikie.

"Shuka, ndugu yangu," alisema. "Nimekula."